Upande wa Pili wa Benchi

Mwezi uliopita harufu ya pichi zinazochemka ilivuka ukuta kutoka kwa jirani yangu hapa Mwembesongo. Nilikuwa nyuma ya duka langu la mbegu, nabandika karatasi za bei kwenye pakiti za spinachi, na mkono ukasimama wenyewe. Pichi haichemshwi. Sisi tuliokulia milimani tunaila kama ilivyotoka mtini, na wengi hata kuisugua kwenye nguo hatujishughulishi. Mtu akichemsha pichi mpaka ikalainika kama kiazi, ana sababu. Nikaenda nikasimama getini kwake bila kuingia, nikamuuliza, "Mzee ameanza dripu?" Akanishangaa. Mume wake alikuwa amerudi kutoka Dar siku tano nyuma, na hakuna mtu wa mtaa aliyeambiwa.

"Umejuaje?"

"Harufu," nikamjibu. "Mjomba wangu alizila hivyo hivyo."

Tulizungumza nusu saa, yeye ndani ya geti na mimi nje. Usiku ule sikulala mapema. Kichwani nilikuwa nimerudi Mgeta, kule milimani, kwenye ua wa Mjomba Wendelini, nikiwa na umri wa miaka tisa.

Mjomba Wendelini alikuwa kaka mkubwa wa mama yangu. Kwetu Waluguru mtoto huhesabiwa upande wa mama. Baba yangu alikuwepo na alinipenda, lakini aliyenipa jina la Tekla, aliyeulizwa kama niende shule mwaka huu au mwakani, na aliyesimamia mashamba ya ukoo alikuwa Mjomba. Nyumba yake ilikuwa ngazi mbili za mashamba juu ya yetu. Asubuhi, ukungu ukiwa bado umelala bondeni, nilimsikia akikohoa na kupiga jembe kabla sijamwona.

Alikuwa na tabia moja ambayo wazee wengine hawakuwa nayo. Ukimwamkia shikamoo, wazee wengi walikuwekea kiganja kichwani, wakaendelea na mambo yao. Mjomba alinyoosha mkono. Alimpa mkono mtoto wa miaka mitatu kama anavyompa diwani. Kiganja chake kilikuwa kigumu na kikavu, na mara zote kilikuwa na udongo kwenye mistari, hata Jumapili. Kwangu hiyo ndiyo ilikuwa salamu. Nyingine zote zilikuwa maneno.

Halafu akaota kivimbe shingoni, chini ya sikio. Mwanzoni alikifunika kwa kola ya koti. Kilipofika ukubwa wa yai, Mama Adela, mke wake, alimlazimisha kushuka mjini, na kutoka mjini akapelekwa Dar. Waliporudi, sisi watoto tuliambiwa kwamba Mjomba ana ugonjwa wa tezi, kwamba atakuwa anakwenda Dar kila baada ya wiki tatu kutundikiwa dawa, na kwamba nywele zake zitaondoka lakini zitarudi. Nywele ziliondoka baada ya dripu ya kwanza. Hilo halikunishangaza, kwa sababu nilikuwa nimeambiwa. Kilichonishangaza ni benchi, ambalo hakuna aliyelieleza.

Siku chache baada ya dripu ya pili, Mama Adela alitoa benchi refu la jikoni akaliweka kukinga mlango wa baraza. Mjomba alikaa upande wa ndani wa benchi, kwenye kiti chake cha kamba. Wageni walikaa nje, uani. Pembeni Mama Adela aliweka beseni, ndoo ya maji na kipande cha sabuni ya mche. Kuku wote wa Mjomba walihamishiwa kwetu. Mjomba alikatazwa kushika udongo na samadi. Kachumbari iliondoka mezani, maziwa yalichemshwa mpaka yakaanza kushika chini, na pichi, ambazo msimu ule ziliinamisha matawi, zilimenywa na kuchemshwa. Alizila kwa kijiko, amekunja uso. Mara tatu kwa siku Mama Adela alimpima kwa kipimajoto cha kioo, akaandika kwenye daftari la shule lililobaki kurasa. Sisi tulipewa amri moja tu: "Msipite benchi."

Sasa, huku kwetu mgonjwa hutembelewa. Hutumi salamu, unakwenda, unampa mkono, unakaa karibu naye. Usipokwenda, inahesabiwa. Na mgonjwa akikuweka mbali, hilo nalo linahesabiwa. Jumapili ya kwanza baada ya misa walikuja watu kumi na kitu, wakakuta benchi. Mzee Gaspari, mkulima wa karoti aliyekuwa rafiki wa Mjomba tangu utoto wao, alisimama akiwa na kofia mkononi.

"Wendelini! Umekuwa askofu? Tukusalimie kwa mbali, tubusu na pete?"

"Kaa hapo hapo, Gaspari," Mjomba akasema. "Sauti yako inafika hata ukiwa kwako."

Watu walicheka. Lakini waliondoka mapema kuliko kawaida, na Mzee Gaspari hakuinywa chai yake.

Mama Adela angeweza kueleza. Baadaye sana nilimuuliza kwa nini hakufanya hivyo, naye akaniambia ukweli. Nesi wa Dar alikuwa amemweleza vizuri kwamba dawa ile inashusha chembe nyeupe za damu, na zikishuka, mwili unakosa kinga. Lakini katika miaka ile, ungemwambia mtu wa Mgeta kwamba mumeo amepungukiwa kinga, naye amekonda, na nywele zimenyonyoka, asingehitaji kusikia la pili. Kwa hiyo alinyamaza. Na kwa kuwa alinyamaza, watu wakajisemea lile lile.

Mimi nililisikia shuleni, kisimani. Msichana mmoja wa darasa la tano, Yustina, aliniambia nisubiri wenzangu wateke kwanza.

"Kwa nini?"

"Mjomba wako ana ukimwi. Ndiyo maana mnamfungia na benchi, asiwaguse."

"Ana tezi."

"Tezi!" Yustina akawageukia wenzake. "Eti tezi. Tezi gani inawekewa benchi?"

Swali lilikuwa la haki. Hata mimi nilikuwa nimejiuliza. Nilienda nyumbani nikalipanga jambo lile kichwani kama nilivyozoea kupanga hesabu. Benchi liko pale kuzuia kitu kisivuke. Mgonjwa yuko upande wa ndani. Kwa hiyo kinachozuiwa kinatoka ndani kwenda nje. Nilikuwa na hakika na hatua zote tatu.

Lakini nilikuwa na jambo la nne. Wiki chache nyuma mwalimu alitufundisha habari za ukimwi, akatukaririsha wote kwa sauti: hauambukizwi kwa kushikana mikono, hauambukizwi kwa kula pamoja, hauambukizwi kwa kutumia choo kimoja. Nilikuwa nimeyaandika kwenye daftari na kuyapigia mstari. Kwa hiyo, nikafikiri, hata kama Yustina anasema kweli, benchi halina kazi. Mama Adela hajui kwa sababu hakusoma. Wageni hawajui. Mjomba anakaa peke yake kama mtu aliyefanya kosa, na hakuna aliyempa mkono siku tisa, kwa sababu tu hakuna aliyesikia somo ambalo mimi nimelisikia.

Ningeweza kumuuliza mama. Nimejiuliza mara nyingi kwa nini sikumuuliza. Nadhani nilikuwa na uhakika kupita kiasi, na mtu mwenye uhakika haulizi.

Jumapili iliyofuata uani palijaa. Ilikuwa majira ya baridi, ukungu haukuondoka hadi mchana, na nusu ya darasa letu tulikuwa tunavuta kamasi. Mimi mafua yalinianza Ijumaa. Niliyahesabu kama kitu cha kawaida, kama matope. Nikangoja mpaka Mzee Gaspari na wenzake wakae na Mama Adela aingie jikoni. Kisha nikapita katikati ya watu, nikainua mguu, nikavuka benchi.

Nikasimama mbele ya kiti cha kamba, nikasema kwa sauti ambayo nilitaka ifike hadi mwisho wa ua, "Shikamoo, Mjomba," nikanyoosha mkono.

Mjomba aliutazama. Nilimwona akinitazama usoni, halafu akawatazama watu nyuma yangu, halafu akarudi kwenye mkono. Akaushika.

"Marahaba, Tekla. Hujambo?"

"Sijambo."

Kiganja chake kilikuwa laini. Hicho ndicho kilichonishtua. Hakikuwa na udongo hata kidogo. Nilipogeuka kuvuka benchi kurudi, kidevu juu, nilitaka kuona nyuso za watu, nami nikaziona. Mzee Gaspari alitikisa kichwa taratibu kama mtu aliyeonyeshwa kitu. Lakini nilipofika kwenye ngazi niligeuka tena, nikamwona Mjomba ameinuka kimya kimya, amelifikia beseni, ananawa. Alisugua kwa sabuni mpaka juu ya viwiko. Akarudia. Nilikwenda nyumbani nikalia nyuma ya banda la kuku wake, nikiamini kwamba amenichukia.

Jumanne, saa nane mchana, nilikuwa natoka shule. Njia yetu ilipita mahali ambapo malori hupakia mboga za Dar. Siku hiyo lilikuwepo lori moja, nusu limejaa kabichi, na matenga ya karoti za Mzee Gaspari yalikuwa ndiyo yanaanza kupanda. Nikamwona Mama Adela anateremka kutoka juu, na nyuma yake Mjomba, amejifunika blanketi, anatembea na fimbo, akisimama kila hatua chache. Nilikuwa sijamwona nje ya baraza kwa wiki mbili.

Mama Adela alimwendea dereva moja kwa moja. "Nipeleke mjini. Sasa hivi."

"Mama, bado matenga thelathini. Jioni tunashuka, nitakuweka mbele."

"Ana homa. Nimempima mara mbili. Nimeambiwa akipata homa nisisubiri hata saa moja, na nisimpe kidonge cha kuishusha kabla hajaonwa."

"Homa tu, mama?"

Mzee Gaspari alikuwa amesimama na tenga lake begani. Alipiga chafya, akajifuta kwa mkono. "Karoti zangu zitalala hapa?" akauliza, si kwa ubaya. Kisha akamtazama Mjomba, na uso wake ukabadilika. Akashusha tenga. "Haya, zilale. Panda, Wendelini. Hata kama una hilo gonjwa lako, we panda, njoo nikusukume." Akamwendea, mikono mbele.

"Usimguse!"

Sijawahi kumsikia Mama Adela akipiga kelele, kabla wala baada ya siku ile. Wapakiaji walisimama juu ya kabichi.

"Hana gonjwa mnalolisema! Ana tezi, na dawa ya tezi imekomba chembe zake nyeupe, hana kitu cha kujikinga nacho. Mnadhani benchi nililiweka ili asiwaambukize? Ni ninyi mnaomwambukiza yeye! Mafua yako hayo, Gaspari, wewe unapiga chafya unaendelea kupakia karoti. Yeye yanamuua."

Mzee Gaspari alirudi nyuma hatua tatu. Akaivua kofia, akajizibia mdomo nayo.

Mimi nilikuwa nimesimama kando ya gurudumu la nyuma. Nakumbuka vizuri namna lile jambo lilivyogeuka kichwani mwangu. Hatua zangu zote zilikuwa pale pale, benchi, ndani, nje, na mwalimu alikuwa amesema kweli, na mkono ulikuwa mkono. Nilichokosea ni upande tu. Kamasi ilikuwa inanitoka na sikuthubutu hata kuivuta.

Ningeweza kunyamaza, maana hakuna aliyekuwa ananitazama. Mjomba alikuwa ameshapanda, dereva anawasha gari, utingo anafunga kamba ya turubai juu ya mzigo nusu. Nikaenda mpaka karibu na Mama Adela, si karibu sana, nikasema, "Mimi nina mafua."

Akageuka.

"Yalianza Ijumaa. Jumapili nilikuwa nayo."

Alinitazama, na niliona anahesabu siku kama nilivyozihesabu mimi. "Ijumaa," akasema.

"Ndiyo."

"Basi nitamwambia daktari." Akapanda. Lori likateremka kuelekea Mlali, huko chini tambarare, likazama kwenye ukungu, na kwa muda mrefu tulisikia injini ikipiga kona za chini bila kuliona. Mzee Gaspari alikaa juu ya tenga lake. Karoti zililala pale siku mbili, na sikumsikia akizitaja tena.

Hakukuwa na simu. Habari zilipanda na madereva. Siku ya pili tuliambiwa, "Yuko kwenye dripu, haongei." Siku ya tatu hapakuwa na lori. Ya nne: "Amekunywa uji." Siku hizo nilinawa mikono mpaka ngozi ikapasuka kwa baridi ya kwetu. Nilihamisha mkeka wangu nikalala karibu na mlango, mbali na mdogo wangu. Sikumpa mtu mkono. Mama alifikiri nimekuwa na kiburi, hadi aliponikamata nikisugua vidole kwa mchanga. Akakaa chini na mimi, akanipaka mafuta ya nazi kidole kimoja kimoja, na hapo ndipo nikamweleza. Hakunigombeza wala hakuniambia kwamba si kosa langu. Alisema, "Tulipaswa kukuambia," akaendelea kupaka.

Tangu hapo nimesoma mengi kuhusu damu. Shule yangu iliishia darasa la saba, lakini nilinunua kitabu kikuukuu cha wauguzi kwenye meza ya mitumba, nikakisoma mara tatu na kamusi pembeni. Najua sasa kwamba tezi ya Mjomba ilikuwa saratani, na kwamba dawa zile hazichagui. Zinaua kinachokua haraka, uvimbe, nywele, na pale damu inapotengenezwa, kama dawa ya magugu inavyochoma na miche. Najua kwamba chembe hushuka zaidi wiki ya pili, ndiyo maana benchi lilitoka siku zile. Najua pia kwamba namba ya chembe iliyoandikwa kwenye karatasi ya vipimo aliyopewa Mjomba siku ya homa ile ilikuwa ya tone moja dogo mno la damu. Wakati ule, nilipoona elfu moja na mia mbili, nilidhani wamezihesabu zote mwilini mwake, moja moja, kama wanavyohesabu kabichi.

Mjomba alirudi baada ya wiki mbili na nusu. Dripu yake ya tatu ilikuwa imeahirishwa mpaka chembe zipande. Nilisikia amefika, nikapanda mpaka ukingo wa ua wake, nikasimama chini ya mti wa pichi, mbali hata kuliko mahali ambapo wageni walikaa.

"Shikamoo, Mjomba."

"Marahaba. Mbona unanisalimia kutoka Mlali?"

Sikucheka. "Umepima?"

"Nimepima."

"Ngapi?"

Alimtazama Mama Adela, naye akaangalia pembeni, akijizuia asicheke. Mjomba akatoa karatasi mfukoni, akaisogeza mbali na macho. "Elfu tatu na mia nane."

"Zinatosha?"

"Daktari ameridhika. Juma lijalo wananitundikia nyingine. Na wewe, mafua?"

"Yaliisha zamani."

"Basi kanawe, uje."

Nilinawa mpaka juu ya viwiko, nikarudia. Nikaja nikakaa sakafuni karibu na kiti chake. Alikuwa amekonda, na nywele nyepesi kama za mtoto mchanga zilikuwa zinaanza kuota nyuma ya masikio. Nilikuwa nimelibeba swali lile siku kumi na nane, na nililitoa kabla halijanishinda.

"Ni mimi niliyekuambukiza?"

"Sijui," akasema. "Nilimuuliza daktari swali hilo hilo. Akasema wadudu wengine mtu anao mwenyewe, mdomoni, tumboni, wanangoja tu kinga ishuke. Wengine wanaletwa. Walitafuta kwenye damu, hawakumwona wa kumtaja. Kwa hiyo sijui, na wewe hutajua."

Nimeshukuru maisha yangu yote kwamba hakunidanganya. Wakati ule nilitaka anidanganye.

"Ulijua nina mafua?"

"Ulikuwa unavuta kamasi tangu unapita kwa Gaspari."

"Na ulijua unaweza kufa?"

"Niliambiwa hivyo Dar."

"Sasa kwa nini ulinipa mkono?"

Mjomba alikuna kichwa chake, akakuta hakuna nywele za kukuna, akashusha mkono. "Ulikuwa umeshaunyoosha," akasema. "Watu wote wanatazama. Nilifikiri haraka haraka. Nikaona nitanawa."

Nililitafakari. Hata utotoni sikupenda jambo lisilolingana. "Ulikosea, Mjomba."

"Nilikosea. Mama Adela ameniambia, daktari ameniambia, sasa na wewe." Akainama kidogo. "Kwa hiyo siku nyingine chembe zikiwa chini nitakuacha na mkono wako hewani, mbele ya watu. Utanuna?"

"Sitanuna."

Zilikuwa zimebaki dripu nne. Alizimaliza zote, na aliishi mpaka nikawa mtu mzima mwenye watoto wa kumpa mkono. Lakini katika zile wiki za chembe kushuka, kila Jumapili baada ya misa nilisimama uani pamoja na wageni, nikafunga mikono yangu nyuma, nikamwamkia kwa sauti. Naye alisimama ndani ya baraza, akafunga yake nyuma, akaniitikia.